Boksi la kiwandani au koni? Kabla hujafungua mkoba, angalia vumbi

Wenye magari wananiuliza sana swali hili, hasa vijana wa Subaru, Mark X na Altezza: nikitoa boksi la eya klina lililokuja na gari, nikafunga koni na bomba lake la kung'aa, nitapata nguvu zaidi na kuokoa mafuta? Jibu langu nalitoa mapema. Kwa gari linalotembea kwenye barabara zetu, boksi la kiwandani lenye filta nzuri na mpira usiovuja linaishinda koni karibu katika kila jambo, isipokuwa mlio. Wapo wachache ambao mfumo wa kununua kando unawafaa kweli, na kuna kifaa kimoja cha aina hiyo ambacho mimi mwenyewe ningekushauri ukifunge. Nitayafikia. Lakini sababu ndizo zenye thamani, kwa kuwa ukizielewa hutayumbishwa na maneno ya dukani wala ya kijiweni.

Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iunguze kilo moja ya mafuta. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, kwa hiyo kila lita inayoungua huwa imechukua karibu kilo 11 za hewa, yaani lita 9,000 au zaidi kidogo. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, likitoka Dar es Salaam hadi Dodoma, mwendo wa kilomita 450 hivi, limemeza hewa zaidi ya mita za ujazo 400. Chochote kilichokuwa ndani ya hewa hiyo, moshi wa lori la mbele au vumbi la mchepuko wa barabara inayojengwa, kimekutana na filta kwanza. Kazi ya kwanza ya mfumo huo ni kulizuia vumbi. Nguvu inakuja baadaye.

Vumbi la barabara lina silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, silika ya mchanga ina alama 7, nayo ni ngumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Punje zinazoumiza injini zaidi si zile unazozifuta kwenye boneti kwa kitambaa. Ni zile ndogo za mikroni 5 hadi 20 hivi, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 au karibu na hapo. Hizo hupenya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikachanganyika na oili, na kuanzia hapo oili inafanya kazi ya msasa. Injini haifi siku hiyo. Inaanza kupungukiwa oili, moshi wa bluu unaonekana asubuhi, kompresheni inashuka, na kwenye gari la tabo mapanga yake yanalika kingo. Mwenye gari ataambiwa amewekewa oili mbovu, ataambiwa avunje injini abadilishe ringi, na hakuna atakayekumbuka kwamba miaka miwili nyuma boksi la eya klina lilitolewa likawekwa pembeni ya stoo.

Watu waliligundua tatizo hili zamani sana. Mwaka 1915 Frank Donaldson, wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, alibuni kisafisha hewa kwa ajili ya trekta kwa sababu matrekta yalikuwa yanauawa na vumbi la mashambani. Kampuni yenye jina lake bado inatengeneza filta za malori na mitambo hadi leo.

Sasa tuzilinganishe filta zenyewe. Filta ya kiwandani mara nyingi ni karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa, yenye fremu ya mpira au povu gumu pembeni. Koni nyingi ni tabaka za pamba zilizopakwa mafuta maalumu na kubanwa kati ya nyavu mbili. Nyingine ni sponji, na nyingine, hasa za bei ya chini, ni wavu na kitambaa tu. Filta ya pamba iliyotengenezwa vizuri si utapeli. K&N, iliyoanzishwa Riverside, California, mwaka 1969, ilijijengea jina kwa watu wa mashindano, na bado inaheshimika. Mashindano, hata hivyo, yana hesabu zake: injini inavuta hewa nyingi kwa muda mfupi, kisha inafunguliwa na kukaguliwa. Gari lako linatakiwa lifike kilomita 300,000 bila kufunguliwa.

Filta hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011: vumbi lililopimwa uzito linapulizwa kwenye filta, kisha kinaangaliwa kiasi kilichopenya. Filta nzuri za karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99. Watengenezaji wa filta za pamba wenyewe hutaja viwango vya kati ya asilimia 96 na 99. Masikioni tarakimu hizo ni majirani. Zigeuze uone upande wa pili. Filta inayozuia asilimia 99.5 hupitisha gramu 5 katika kila kilo ya vumbi. Inayozuia asilimia 97 hupitisha gramu 30. Hiyo ni mara sita ya mchanga unaoingia kwenye silinda, na bado tunazungumzia pamba iliyooshwa vizuri na kupakwa mafuta yake kwa kiasi sahihi. Pamba iliyokauka hukamata vumbi pungufu ya hapo, na koni ya wavu na kitambaa, yenye jina kubwa lililobandikwa juu, sina sababu ya kuiita filta.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na linabadilisha kabisa namna ya kulitunza gari: filta ya karatasi iliyokwishatumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Vumbi la mwanzo linajipanga juu ya karatasi na kusaidia kulizuia vumbi linalofuata. Kwa hiyo ule utamaduni wa kuitoa kila wiki na kuigonga kwenye tairi, kisha kuipuliza kwa kompresa, unaharibu mara mbili. Kwanza unaondoa tabaka linalokusaidia. Pili, upepo wa kompresa una nguvu ya kutosha kutanua vitundu vya karatasi au kuichana kabisa kwenye mikunjo, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi anakuambia, "Bosi, hii bado nzima, ngoja niipulize tu," naye anasema hivyo kwa nia njema ya kukupunguzia gharama. Mshukuru, kisha mwombe aiinue filta ile kwenye jua au aweke tochi ya simu upande wa ndani. Mwanga ukipenya kama nukta kali mahali fulani, hapo pametoboka. Mwanga usipopita kabisa, filta imejaa na inatakiwa kubadilishwa. Kama ni lazima kupuliza kwa sababu uko porini na filta nyingine hakuna, puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, ukiwa mbali na karatasi. Usiioshe kwa petroli wala sabuni.

Filta ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mzibo, na hapa ndipo magari mengi ya mtumba yanapoumia, hata yale ambayo hayajawahi kuona koni. Fungua boksi la eya klina la gari la miaka kumi na tano uone. Klipu moja imevunjika na mahali pake pamefungwa waya au kipande cha tyubu ya baiskeli. Filta iliyomo ni ya bei rahisi, fupi kwa milimita tatu, haikai sawasawa kwenye mfereji wake, na upande ule ambao klipu haipo kuna mstari wa vumbi jekundu uliolala ndani ya boksi, upande ambao ulitakiwa kuwa safi. Ufuatilie mstari huo hadi kwenye mpira unaokwenda kwenye injini. Mpira huo una mikunjo kama ya kodiani, na kwenye mkunjo wa chini, usioonekana bila kuunyoosha kwa mkono, kuna mpasuko. Hewa inaingilia hapo bila kupita kwenye filta hata kidogo.

Kipimo chake ni rahisi. Legeza klampu, utoe mpira upande wa baada ya filta, zungushia kidole kitambaa cheupe na ukipitishe ndani. Ukiona utando mwepesi wa mafuta, usijali, kwa kuwa mvuke wa injini hupitia huko. Ukiona vumbi, hata kidogo, kuna mahali panapovuja na hupaswi kulala bila kupajua. Wanaosafiri sana porini hupaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa mpira wa filta wanapoifunga. Baada ya wiki kadhaa wanafungua: grisi ikiwa safi kote, mzibo ni mzuri, na pale penye alama ya vumbi iliyokatiza grisi ndipo adui anapopita. Haigharimu chochote, na ningependa kila gereji iige.

Wauzaji wa koni hawana hoja kubwa kwenye vumbi, kwa hiyo huhamia kwenye nguvu. Hoja yao ni kwamba filta ya karatasi inaibana injini. Ni kweli inabana, lakini kwa kiasi gani? Filta safi ya karatasi kwenye gari dogo hupoteza takriban asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa, tena pale tu unapokanyaga mafuta hadi mwisho na mizunguko iko juu. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 6,000 huvuta karibu lita 6,000 za hewa kwa dakika, na waliolisanifu boksi walilipima kwa kiasi hicho. Hata ungeiondoa filta yote ukaendesha bila kitu, hicho kidogo ndicho ungepata. Linganisha na miinuko yetu. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Gari lisilo na tabo likipanda kutoka pwani linapoteza nguvu ambayo koni ya aina yoyote haiwezi kuirudisha, na wapo wanaonunua koni kwa sababu hiyo tu, wakidhani filta imeziba.

Halafu kuna joto. Boksi la kiwandani lina mdomo mrefu unaokwenda mbele, nyuma ya taa au ndani ya fenda, kwa makusudi ya kuvuta hewa ya nje. Koni ya kawaida inakaa wazi chini ya boneti, karibu na rejeta na ekzosi, ikivuta hewa iliyokwishapashwa moto. Hewa ya moto ni nyepesi. Siku ambayo nje kuna nyuzijoto 32 na chini ya boneti kuna 62, hewa inayoingia kwenye koni imepungua uzito kwa karibu asilimia 9. Umetafuta asilimia 1 ukapoteza 9. Kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam, au ya barabara ya Mombasa pale Nairobi, gari likisogea hatua mbili na kusimama, ndivyo ilivyo mchana kutwa. Ukishika kasi barabara kuu joto lile hupungua, na pengo nalo hupungua. Na ukionyeshwa video ya koni iliyoongeza nguvu kwenye mashine ya kupimia, itazame tena: boneti iko wazi na mbele kuna feni kubwa. Gari lako haliendeshwi hivyo.

Nguvu ambayo dereva anaihisi, basi, inatoka wapi? Inatoka masikioni, na silisemi hili kwa dharau. Kwenye bomba la kiwandani kuna vyumba vya plastiki vinavyoonekana havina kazi, ambavyo mafundi wengine huvikata na kuvitupa. Vyumba hivyo vimesanifiwa kuzima mngurumo wa hewa inayovutwa. Ukiviondoa, injini inaunguruma kwa mvuto mzito, na kwenye tabo unasikia hewa ikipumua kila unapoachia mafuta. Ni mlio mzuri. Anayeutaka anajua anachokitaka na ana haki nao, mradi aununue kama mlio.

Jambo la hatari zaidi kuliko joto ni sensa ya hewa. Magari mengi ya petroli ya miaka hii yana sensa yenye waya mwembamba wa moto, iliyochomekwa kwenye boksi la eya klina au kwenye bomba linalotoka hapo. Hewa inapopita inaupoza waya, na kontroli boksi inakadiria kiasi cha hewa kisha inamwaga mafuta kulingana nacho. Kadirio hilo limepimwa kwa bomba la kipenyo kile kile cha kiwandani. Ukifunga bomba la milimita 77 mahali palipokuwa na la milimita 70, eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 21. Sensa inasoma kasi ileile, lakini hewa iliyopita ni asilimia 21 zaidi, na kontroli boksi haijui. Mafuta yanakuwa machache kwa hewa iliyopo. Ukienda polepole, sensa ya ekzosi inagundua na kusahihisha, na ikizidiwa inawasha taa ya injini kwenye dashibodi. Mashine ya kupima huonyesha namba P0171. Ukikanyaga hadi mwisho, usahihishaji huo hautegemewi tena, na kwenye gari la tabo mchanganyiko wenye mafuta machache unaungua kwa moto mkali na kulipuka kabla ya wakati wake. Pistoni zinapasuka sehemu zinazoshika ringi. Wenye Impreza WRX na Forester za tabo wanaujua msiba huu. Kwenye magari hayo, kubadilisha mfumo wa kuvuta hewa bila kuprogramu upya kontroli boksi ni kuihatarisha injini, na duka linalokuambia "funga tu, inajisomesha yenyewe" halitakuwepo siku ya kuifungua.

Hata kipenyo kikiwa sahihi, koni iliyokaa karibu mno na sensa huleta hewa inayojipindapinda. Dalili yake ni gari kutetereka likiwa limesimama linawaka, mizunguko ikipanda na kushuka. Na pamba iliyopakwa mafuta kupita kiasi huyaachia, yakagandia kwenye waya wa sensa. Kuna watu wanaopaka oili ya injini kwa sababu mafuta maalumu hayapatikani jirani. Wakifanya hivyo, sensa haina maisha marefu.

Kuhusu kuokoa mafuta, nitakuwa mfupi. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, Tennessee, ilitoa matokeo ya kuyapima magari ya kisasa ya petroli yakiwa na filta zilizoziba. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kushika kasi. Sababu ni kwamba katika mwendo wa kawaida kinachobana hewa zaidi ni kile kipepeo cha throto unachokifungua kwa mguu, na mafuta yanafuata hewa iliyopimwa. Kama filta iliyoziba haikuongeza matumizi, koni iliyo wazi haitayapunguza. Magari ya zamani ya kabureta, na dizeli za pampu ya kawaida kama Land Cruiser za injini ya 1HZ, yana habari tofauti: kabureta au pampu inamwaga mafuta bila kupima hewa, kwa hiyo filta ikiziba unaona moshi mweusi na mafuta yanakwenda bure. Dawa yake ni filta mpya.

Maji nayo yana sehemu yake. Ipo mifumo inayoteremsha koni hadi nyuma ya bampa au ndani ya fenda ili ipate hewa baridi. Kwa joto, ni wazo sahihi. Kwa masika, ni hatari. Maji yakijaa pale Jangwani, Dar es Salaam, au kwenye barabara za Nairobi, dimbwi la kufika katikati ya tairi linatosha kuizamisha koni, na injini inayavuta. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo ikiwa inapanda, rodi yake inapinda au inavunjika palepale. Gari likizimika ndani ya maji, la kiwandani au la koni, usijaribu kuliwasha tena. Livutwe, filta ifunguliwe, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza.

Nilisema kuna kifaa cha kununua kando ninachokishauri. Ni snokeli, lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, kwa wenye Land Cruiser, Prado, Hilux na wenzao wanaofanya kazi vijijini na mbugani. Thamani yake haiko kwenye maji peke yake. Ukiongozana na gari lingine kwenye barabara ya vumbi, hewa ya usawa wa paa ina vumbi kidogo kuliko ya usawa wa taa, na filta inadumu zaidi. Tena snokeli haiondoi boksi la kiwandani: filta, sensa na mzibo vinabaki vilevile, umehamisha mdomo tu. Hata magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yamezoeleka kuvaa snokeli yakiwa Kenya, kwa ajili ya maji ya mitoni na lile vumbi laini la Naivasha na Kedong linalomiminika kama unga.

Snokeli iliyofungwa vibaya, hata hivyo, ni pambo linaloleta matumaini ya uongo. Nyingi zimechomekwa kwenye fenda bila silikoni kwenye viungo, au bomba lake halijaungana na boksi. Mpime fundi wako hivi: gari likiwa limesimama linawaka, ziba mdomo wa juu kwa mfuko mgumu au ubao mdogo. Injini inatakiwa ihangaike na kuzimika. Ikiendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inapata hewa mahali pengine, na maji yatapata njia hiyohiyo. Usilipe hadi izimike. Angalia pia kile kipande cha mpira chini ya boksi la eya klina, kinachotoa vumbi na maji. Kikiwa kimepotea, shimo lake ni mlango.

Kwa nani basi mfumo kamili wa kununua kando unafaa? Kwa mtu aliyebadilisha tabo ikawa kubwa, akabadilisha noseli na pampu ya mafuta, na anajua atakapokwenda kuprogramiwa kontroli boksi na mtu mwenye mashine ya kupimia. Injini ya namna hiyo kweli inahitaji hewa kuliko boksi la kiwandani linavyoweza kutoa. Huyo naye achague mfumo wenye boksi lake lililofungwa na mdomo wa kuvuta hewa ya nje, wenye nyumba ya sensa iliyotajwa kipenyo, na mtengenezaji anayeonyesha matokeo ya ISO 5011. Mifumo inayouzwa kihalali California hubeba namba ya kibali cha mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, CARB. Ni dalili kwamba mtengenezaji aliipeleka ikapimwa. Na asiliuze boksi la zamani. Siku atakapouza gari, mnunuzi mwenye akili ataliulizia.

Anayetaka kitu kidogo bila kuvunja kitu ana njia ya katikati: filta ya pamba au ya nyuzi kavu yenye umbo lilelile la kiwandani, inayoingia kwenye boksi lilelile. Joto na sensa vinabaki salama. Kwa gari la mjini kwenye lami, sina ugomvi nayo, mradi uioshe na kuipaka mafuta yake kama maelekezo yake yanavyoagiza. Kwa gari linalokwenda Simanjiro au Turkana, bado nabaki na karatasi.

Vitabu vya watengenezaji wengi husema filta ibadilishwe kati ya kilomita 30,000 na 40,000, lakini pia husema mapema zaidi kwenye vumbi, na sehemu kubwa ya nchi zetu ni vumbi. Ikague kila unapobadilisha oili. Ukifunga mpya, andika tarehe na kilomita pembeni ya fremu kwa kalamu ya wino mzito. Fundi atakayefuata hatabahatisha. Nunua filta kwa namba ya chesisi, uiweke kwenye boksi ukiwa dukani kama inawezekana, uone imekaa mfereji wote bila kupinda. Isiyokaa irudishe hapohapo.

Na kama fedha ya koni na bomba lake iko tayari mkononi wiki hii, itumie hivi: filta halisi mbili, mpira mpya wa hewa, klampu mbili na klipu zilizokosekana, plagi mpya, na dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Gari lenye vitu hivyo litakuwa na nguvu yote iliyokuwa nayo lilipotoka kiwandani, na mengi kati ya magari ninayoyaona gereji yamepungukiwa na hiyo kwanza.